W124, Crown au E34: Gari Lipi la Kifahari la Zamani Linamfaa Mtu wa Malindi?

Mpwa wangu alinijia siku moja baada ya swala ya Alasiri, akiwa na laki sita alizoziweka kidogo kidogo kwa miaka minne. Anakaa Barani, ni mhasibu katika hoteli moja upande wa Casuarina, na kila mwezi humpeleka mamake kliniki Mombasa. Wenzake kazini wamemshauri atafute gari dogo la Kijapani lenye injini ya 1300, apumzike na mambo ya magari. Hataki. "Mjomba," akaniambia, "mimi nimekua nikipanda gari lako. Nataka kitu cha namna hiyo. Ila sijui nichukue Mercedes kama yako ama Crown, na kuna rafiki yangu ana BMW anataka kuniuzia."

Nilimjibu mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Tangu siku ile watu wengine watatu wameniuliza swali hilo hilo, basi nimeona niliandike jibu lote mahali pamoja, pamoja na yale niliyoyasahau siku ile.

Magari yenyewe ni haya. Kuna Mercedes ya bodi ya W124, iliyotoka mwishoni mwa 1984 na kuendelea kuundwa kama saluni hadi 1995. Hizi ndizo 200E, 230E, 300E, 250D na ndugu zao. Kuna BMW ya bodi ya E34, iliyoundwa kama saluni kuanzia 1988 hadi 1995: 520i, 525i, 535i. Na kuna Toyota Crown ya bodi ya S150, ya 1995 hadi 1999, ambayo ndiyo changa kati ya hizo tatu.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba hakuna hata moja kati yake inayoweza kushuka bandarini leo. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo hata Crown ya mwisho ya 1999 mlango wake ulifungwa 2007. Utakayoiona ikiuzwa imeishi humu nchini miaka mingi, mara nyingi ikiwa na namba ya KA, na maisha yake yote yameandikwa mwilini mwake. Hununui tu mfano wa gari. Unanunua malezi ya wale waliokutangulia, na W124 iliyolelewa vizuri ni bora kuliko Crown iliyotupwa, hata kama hapa chini nitasema vinginevyo.

Mercedes ilikuja na jina kubwa. Neno Wabenzi lilizaliwa huku kwetu Afrika Mashariki kwa sababu ya wakubwa waliokuwa wakipita ndani yake vioo vimepandishwa. Kisha 2009, Uhuru Kenyatta akiwa waziri wa fedha, serikali ikawaambia mawaziri wahamie magari yenye injini isiyozidi 1800 cc, na fahari ile ikapungua. Mimi naona mapenzi ya kweli yalianza hapo. Anayenunua W124 leo hatafuti kuogopwa na mtu. Ameipenda kwa jinsi ilivyoundwa, na kwa sababu akiifungua anaielewa.

Tuanze na chumvi

Mtu wa Nairobi ataanza na injini. Sisi wa pwani tuanze na kutu, kwa sababu injini mbovu inatolewa na kuwekwa nyingine, lakini bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu.

Kaskazi ikitulia Kusi inaingia, na pepo zote mbili zinatoka baharini. Ukikaa nyumba ya karibu na ufuo unajua jinsi bawaba za dirisha zinavyoliwa. Gari nalo ni hivyo hivyo: lililolala miaka kumi upande wa Casuarina halifanani na lililolala Ganda, kilomita chache tu bara. Kwa hiyo muulize muuzaji gari limelala wapi, kabla hujamwuliza limetembea kilomita ngapi.

W124 ina bati zuri na rangi iliyopakwa kwa uangalifu, lakini ina mahali pake pa kuanzia kuoza. Tazama matundu ya jeki chini ya milango, ncha za fenda za mbele, ukingo wa chini wa kioo cha nyuma, na chini ya betri, pale nyuma ya injini. Kuanzia 1989 walibandika paneli za plastiki ubavuni. Zinapendeza, na zinaficha. Kila tundu la jeki lina kifuniko kidogo kinachotoka kwa kidole, na muuzaji akikuzuia kukifungua, muage uende zako. Zile za mwisho, za 1993 kuendelea, mara nyingi hushikwa na kutu mapema kuliko za mwanzo, na jambo hili huwashangaza watu kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba mpya zaidi ni nzima zaidi.

Crown huanza kuoza kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya vizingiti vya milango. Uzuri wake ni kwamba haifichi: kutu ikiwepo utaiona ukipiga magoti. E34 huanzia chini ya milango, kwenye sehemu za jeki, na kuzunguka kifuniko cha tangi. Kama ina dirisha la paani, tazama kingo zake pia.

Halafu kuna suala la maji, na hapa nawaomba mnisikilize. Watu wanaosha magari kila siku na yanaoza vile vile, kwa sababu wanaosha kwa maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na ukiyapiga maji hayo chini ya gari kwa mpira unaongeza ugonjwa. Mimi natumia maji ya mfereji, yale yanayovutwa kutoka Baricho kwenye mto Sabaki, hata yakiwa ndoo mbili tu za wiki nzima. Na ndoo ya kwanza inaanza chini ya gari. Vumbi la juu halijawahi kulimaliza gari la mtu.

Maji hayo hayo ya kisima yameua injini nyingi kuliko uzee. Magari haya yana bloku la chuma na hedi ya alumini, na alumini haipatani na chumvi. Fungua kifuniko cha radieta ikiwa baridi. Ukiona maji ya rangi ya chai yenye kutu, jua huyo aliyekuwa nalo alikuwa akijaza chochote kilicho karibu, na hedi imekuwa ikiliwa polepole kwa ndani. Kulanti safi iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi ni ushahidi wa mwenye gari mzuri kuliko risiti kumi za gereji.

Kukaa ndani

Dada yangu, mamake kijana huyu, ana mgongo mbovu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na ukihesabu matuta ya Msabaha, Gede na vijiji vyote hadi Mtwapa, mgongo wake unayahesabu pia. Kwa hiyo suala la viti kwetu si la mapambo.

Viti vya W124 havikujazwa sponji tupu. Chini kuna springi za chuma na juu yake mto wa nyuzi zilizoshikanishwa kwa mpira. Aliyelala godoro la makumbi na la sponji ataelewa tofauti: mwanzoni unahisi ni kigumu, ukifika Kilifi unagundua hujajigeuza hata mara moja. Ami yangu, aliyeniachia gari hili, alikuwa akisema ni kiti kinachomkalisha mtu kwa adabu.

Crown ni habari nyingine. Nyingi zina viti vya kitambaa laini kama mahameli, na springi zake zimetengenezwa ili mtu wa nyuma asijue kama kuna tuta. Ndani ya Crown kuna kimya kuliko ndani ya W124, hilo nalikubali bila ubishi, na injini yake ya silinda sita ikiwa imesimama kwenye taa utatazama dashibodi kuhakikisha bado inawaka. Ila ukiikimbiza kwenye kona inayumba na kulala ubavu, kama jahazi lililopakia upande mmoja. Si hatari kwa anayeenda taratibu. Anayependa kukimbia haitamfaa.

W124 inashika barabara kwa namna ambayo mpaka leo inanifurahisha. Nyuma, kila gurudumu limeshikwa na mikono mitano inayolielekeza, mfumo walioutoa kwenye Mercedes 190 ya 1982, na ukiwa kilomita 100 kwa saa kati ya Kilifi na msitu wa Arabuko Sokoke gari linatulia kana kwamba limeongezewa uzito. Ina waipa moja tu, lakini mkono wake unajinyoosha na kujikunja ukifika kwenye kona za kioo, na kioo kinafutwa asilimia 86. Mlango unafungika kwa sauti ya kabati la mvule. Dashibodi ina mshale wa kanieneo ya oili, kitu ambacho magari mengi ya leo hayana, na mshale huo ndio daktari wako: injini ikiwa moto na gari limesimama, mshale unaweza kushuka, lakini ukikanyaga mafuta lazima urukie 3 mara moja. Mshale ukisitasita, usinunue.

Vitu hivi vidogo ndivyo wenye magari haya wanavyovisimulia vikao vizima. Hata namna boneti ya W124 inavyoweza kusimama wima kabisa, fundi akaingia kama anaingia jikoni, ni jambo linalokuambia kwamba aliyelichora alimfikiria atakayelitengeneza.

Redio ya asili ya Crown ni ya Japani, na FM ya kule wakati ule iliishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda hadi 108. Usishangae ukikosa stesheni nyingi. Badilisha redio au weka kigeuzi, haina gharama kubwa.

Injini: hapa ndipo wengi hukosea

Yangu ni 230E. Injini ya silinda nne, lita 2.3, nguvu kama farasi 132, na ina cheni ya taimingi badala ya mkanda. Ukiibadilishia oili kwa wakati itakuzika. Shida yake ni mfumo wa kuingiza petroli, ule wa Bosch unaoitwa KE-Jetronic, ambao nusu ni wa kimakanika na nusu wa umeme. Unataka petroli safi, chujio safi, na fundi anayejua kupima presha kabla ya kufungua kitu. Fundi wa namna hiyo ni adimu.

Yaliyonikuta mimi ni haya. Gari lilianza kutetemeka likisimama, likizimika njiani, na taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia breki zisikwame, ikawaka. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akaniuzia pampu ya petroli. Wa tatu akataka kushusha mfumo mzima wa petroli atafute wa gari jingine. Nilitumia miezi mitano na pesa ambazo sipendi kuzikumbuka. Mwishowe mzee mmoja wa Majengo, aliyewahi kufanya kazi kwenye gereji za Mombasa, aliniuliza swali moja tu: "Taa ya ABS iliwaka siku hiyo hiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda nyuma ya betri, akachomoa rilei ndogo yenye fyuzi juu yake, ile inayolinda kompyuta za gari dhidi ya umeme uliozidi, akaifungua na kunionyesha solda iliyopasuka. Akaichoma upya kwa dakika kumi. Gari likatulia. Mwenye W124 ya petroli yoyote aandike hili mahali: taa ya ABS na injini kutetemeka kwa pamoja, anza na rilei hiyo kabla hujanunua kitu kingine chochote.

300E ina silinda sita na mwendo mtamu, lakini huvuja oili upande wa mbele na ikizeeka hutoa moshi wa buluu ukiiwasha asubuhi, kwa sababu sili za valvu zimekauka. Hayo yanatengenezeka. Ninayoiogopa ni ya 1993 hadi 1995, zikiwemo E280 na E320, kwa sababu miaka ile waya za injini zilivalishwa ngozi ambayo joto linaikausha ikapukutika kama majani makavu. Kama waya hazijabadilishwa, gharama hiyo ni yako. Zifinye waya kwa vidole karibu na injini: zikiwa laini sawa, zikivunjika rudisha ufunguo.

250D ni ya dizeli, silinda tano, nguvu za farasi 90 hivi. Haina haraka na wala haijidai. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuunguruma. Wenye teksi Ujerumani waliipenda kwa sababu hiyo. Kwa mtu anayefanya safari ndefu na hana papara, mimi naiona ndiyo bora ya W124 zote, na nikiiona nzima hapa Malindi nitakuwa wa kwanza kuuliza bei.

Sasa Crown. S150 utaipata na injini ya lita 2 inayoitwa 1G-FE, au lita 2.5 inayoitwa 1JZ-GE, au lita 3 ya 2JZ-GE. Chukua ya 2.5. Lita 2 inachoka kubeba bodi ile, na lita 3 inakunywa bila sababu ya maana kwa barabara zetu. 1JZ-GE ina nguvu za farasi 180, na baada ya kuongezewa VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, 1997 ikafika 200. Ni injini ya chuma, haina papara, na haijali sana ikicheleweshwa huduma kidogo. Ina mkanda wa taimingi, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa mkanda, uhesabu kwenye bei na uubadilishe wiki ya kwanza, pamoja na pampu ya maji, maana fundi akishafika hapo kazi ni ile ile.

Tahadhari moja: watu wengine watakuonyesha Crown iliyofuata, ya bodi ya S170 kuanzia 1999, na kweli inapendeza zaidi. Tafuta alama ya D-4. Hiyo ni petroli inayopigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na mfumo ule umewatesa watu wengi kwa pampu zake na masizi yanayojaa njia za hewa. S150 yenye 1JZ-GE ya kawaida haina maradhi hayo.

Kwenye mafuta, 230E yangu inanipa kama kilomita 10 kwa lita nikienda Mombasa, na 8 nikizunguka mjini. Crown ya 2.5 ya jirani yangu haipishani nayo sana. 250D niliyowahi kuazima ilifika 13. Kwenda na kurudi Mombasa ni kilomita 240, basi hesabu lita 24 za petroli dhidi ya 18 au 19 za dizeli, kila mwezi, na uamue kama mfuko wako unaiona tofauti hiyo.

Fundi na spea

Ukisimama popote Malindi, Maweni au Kisumu Ndogo, ukaita fundi wa Toyota, watageuka watu wanne. Injini ya Crown ni ile ile iliyokuwa kwenye Mark II na Chaser, kwa hiyo hakuna anayeiogopa, na spea ikikosekana hapa inatoka Mombasa na matatu ya asubuhi, mchana unaifunga.

Mercedes inataka mpango. Breki, vichujio, bushi na mipira ya injini vinapatikana Mombasa na Nairobi bila shida. Vipande vya ndani, taa na mapambo ya mlango vinatoka kwenye magari yaliyovunjwa, na hapo subira inahitajika. Jambo zuri ni kwamba kila kipande kina namba yake, vingi vikianza na 124, na namba hiyo haidanganyi. Mpigie muuzaji ukiwa na namba, usimwambie "kile kidude cha pembeni." Kampuni yenyewe bado inauza spea nyingi za magari haya kupitia kitengo chake cha Mercedes-Benz Classic. Bei inauma, lakini unafunga mara moja, ukasahau. Nimejifunza kununua spea ya bei rahisi kwa vitu vinavyoonekana, na spea halisi kwa vitu vya mpira na vya umeme.

Kuhusu kiyoyozi, zote tatu zitakusumbua kwa umri wao, lakini kwa W124 uwe macho zaidi. Kipoozeo chake kimekaa nyuma ya dashibodi, na kikitoboka dashibodi nzima lazima itoke. Ni kazi ya siku kadhaa. Nunua ile ambayo baridi inatoka mbele yako siku ya majaribio, saa saba mchana, si saa kumi na mbili asubuhi. Na usiamini maneno ya "imeisha gesi tu." Gesi haiishi bila kuvuja mahali.

Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huu, kwa hiyo jiandae na ile ya watu wa tatu na uendeshe kwa kujua hilo.

E34, kwa ufupi

Rafiki wa mpwa wangu ana 520i nzuri kwa macho. Niliiendesha hadi Watamu na kurudi. Kwa usukani, hakuna kati ya hizi tatu inayoifikia: uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na inageuka kwa kufikiri tu. Anayependa kuendesha, namaanisha kuendesha kwenyewe, ataelewa mara moja kwa nini wenye E34 hawaziachi.

Lakini udhaifu wake ni joto, na sisi tuko kwenye joto. Injini zake za silinda sita za kuanzia 1990 zina vipande vya plastiki kwenye njia ya maji: shingo ya radieta, nyumba ya themostati, na feni ndogo ndani ya pampu ya maji. Plastiki hizo zikizeeka zinapasuka bila taarifa, na injini hii ikichemka mara moja hedi inapinda au kupasuka. Mwenye nayo asipokuambia kwa mdomo wake ni lini alibadilisha vyote vitatu, hesabu kwamba havijabadilishwa. Ukihisi usukani unatikisika ukifika kilomita 80 kwa saa, ni bushi za mikono ya mbele, na hizo huliwa haraka kwenye matuta yetu. Ni gari la mtu mwenye fundi wake wa BMW Mombasa na gari jingine nyumbani. Mpwa wangu hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo nilimwambia amshukuru rafiki yake na wabaki marafiki.

Wazee wawili msikitini walinilaumu kwa nini sikuitaja Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978 na ikaunganishwa hapa hapa Kenya. Nawaheshimu, na ile gari naiheshimu, lakini 504 ni mvumilivu zaidi kuliko ya kifahari, na nzima iliyobaki ni ya kutafutwa kwa tochi.

Nilivyomshauri

Kama ungekuwa na nyumba yenye kibanda cha kulaza gari, fundi mzee unayemwamini, na nia ya kukaa nalo mpaka watoto wako walirithi, ningekuambia tafuta W124 ya silinda nne au 250D, ya kabla ya 1993, na usiwe na haraka hata ikichukua mwaka mzima kuipata. Hakuna gari nililowahi kulimiliki linalorudisha shukrani kama hili. Ukiliondolea kelele moja, linakuonyesha jinsi lilivyokuwa limetulia siku lilipotoka kiwandani, nawe unatamani kuondoa ya pili.

Lakini wewe unaegesha nje, unaondoka saa kumi na moja asubuhi na mgonjwa ndani, na likikuharibikia Matsangoni unahitaji fundi wa kwanza atakayetokea barabarani alijue. Chukua Crown. Tena usinunue kwa laki sita zote. Bakisha moja na nusu, kwa sababu gari la miaka 25 lina madeni ambayo hayajaandikwa kwenye logibuku.

Tulikwenda kutazama mawili Jumamosi moja. La kwanza lilikuwa 230E huko Watamu, rangi ya fedha, linang'aa kama sahani ya harusi. Nilivua kifuniko cha tundu la jeki, nikaingiza kidole, kikagusa kitu laini: lilikuwa limezibwa kwa pati na kupakwa rangi juu. Mpwa wangu alinitazama, sikusema kitu, akaelewa. Nakiri moyo uliniuma, maana ndani lilikuwa zima kabisa, na viti vyake vilikuwa kama vya jana.

La pili lilikuwa Crown ya 1998 Mtwapa, ya mwalimu mstaafu. Rangi imefifia kwenye paa, fenda moja ina mkwaruzo. Alitufungulia radieta mwenyewe kabla hatujamwomba, na kulanti ilikuwa safi. Mkanda wa taimingi hakuwa na karatasi yake, akasema hivyo waziwazi na akashusha bei. Matao ya nyuma yalikuwa na kutu ya juu tu, ya kukwangua na kupaka. Tulimwomba tuzunguke nalo, na dada yangu, aliyekuja nasi kwa sababu hakutaka kubaki nyumbani, akakaa nyuma. Tukavuka matuta manne. Nikamtazama kwenye kioo: alikuwa amefungua mkoba anatafuta miwani yake, hajayasikia.

Walikubaliana kwa laki nne na ishirini. Mkanda na pampu ya maji vimeshanunuliwa, viko kwenye buti, na fundi atavifunga Jumatatu.